Majina Ambayo Drusilla Hakuyaandika

Kengele ya shule ililia saa tisa na nusu, na kama kawaida Drusilla Nyamoita akawa wa kwanza kupandisha njia ya Kiogoro, mkoba ukimgonga mgongoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, mwenye miguu mirefu na mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Alifika nyumbani, akavua sare, akachota maji chemchemini, akamkatia ng'ombe majani. Kisha akachukua daftari na kalamu, akaenda barazani alikokuwa akingojwa na babu yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku tangu mwezi wa tano mwaka wa 1972, isipokuwa siku ya Sabato.

Babu yake, Mzee Alfayo Ratemo, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliweza kujua kwamba mtu amesimama mlangoni, lakini hakumtambua mpaka mtu huyo aseme. Zamani alikuwa mhudumu wa hospitali mjini Kisii. Tena alikuwa karani wa kwanza wa Chama cha Kusaidiana, chama kilichoundwa na Waafrika waliofanya kazi mjini wakati wa ukoloni. Chama kilikuwa na ukumbi wake, na katika ukumbi mlikuwa na kabati lililotunza kitabu kikubwa chenye majina ya watu sitini na wawili waliokianzisha, na mahali walikozikwa wale waliokwisha kufa. Masika ya mwaka huo paa la ukumbi lilivuja. Kabati lilipofunguliwa, kitabu kilikuwa kimeoza, wino umeyeyuka, kurasa zimeshikamana kama ugali wa jana.

Mwenyekiti wa chama, Bathsheba Mong'ina, alikuja mwenyewe hadi Kiogoro. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili.

"Mzee," alisema, "paa tutalitengeneza. Mwezi wa kumi na mbili tutaufungua ukumbi upya, na tunataka yale majina yasomwe mbele ya watu. Lakini kitabu kimekwenda. Kilichobaki ni kichwa chako."

"Kichwa kipo," Mzee Alfayo akajibu. "Macho ndiyo hayapo. Mimi nitasema, mjukuu wangu ataandika."

Drusilla alijivuna siku hiyo. Alichagua daftari jipya, akaandika jina la chama juu ya jalada kwa herufi kubwa.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Babu alizungumza Ekegusii, naye alitakiwa kuandika kwa Kiswahili, kwa hiyo kila sentensi ilimbidi aigeuze kichwani kwanza. Babu hakuwa na haraka. Alisema kidogo, akanyamaza, akasikiliza kalamu ikikwaruza karatasi. Kalamu ilipotulia aliuliza, "Umemaliza?" Ndipo alipoendelea.

"Andika hivi," alisema. "Sisi ndio tuliofagia mji ule. Tuliupikia, tuliubebea mizigo, tuliwauguza wagonjwa wake. Lakini haukuwa mji wetu. Nyumba za kilimani zilikuwa za Wazungu, maduka ya barabara kuu yalikuwa ya Wahindi, na Mwafrika aliyeonekana amesimama tu bila kazi aliulizwa anatafuta nini. Umemaliza?"

"Nimemaliza, Sokoro," Drusilla alijibu. Sokoro ndilo jina ambalo watoto wa Kisii huwaitia babu zao.

"Mtu wetu akifa hospitalini na kwao ni mbali, alizikwa siku hiyo hiyo kama mzigo uliokosa mwenyewe. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Ndipo tukakaa chini, wapishi, makarani, wafagizi, wapakiaji wa malori, tukasema mtu asizikwe tena hivyo. Tutamwosha sisi. Tutamchimbia kaburi sisi. Tutaandika jina lake na mahali alipolala. Umemaliza?"

"Kwa nini mahali napo paandikwe, Sokoro?"

"Kwa sababu siku moja mtu atakuja kuuliza."

Siku nyingine alieleza jinsi walivyobeba mawe kutoka Mto Nyakomisaro ili kujenga ukumbi, jinsi walivyochoma matofali wenyewe, na jinsi wapishi walivyojifunza kusoma humo, mzee wa miaka hamsini akikaa benchi moja na kijana wa kumi na sita. Drusilla alijaza kurasa tisa. Ziliandikwa vizuri, kila neno mahali pake.

Wiki ya tatu, timu ya netiboli ya shule ikachaguliwa kwenda kucheza Nyamira. Mazoezi yalifanyika saa kumi na moja katika uwanja wa karibu na kanisa, na nahodha alikuwa Bitutu, rafiki wa Drusilla tangu darasa la kwanza.

"Umechelewa tena," Bitutu alimwambia Jumatatu. "Ukichelewa mara nyingine, nafasi yako nitampa mtu mwingine. Si mimi, ni mwalimu amesema."

Kesho yake wino wa kalamu ya Drusilla ulikwisha katikati ya sentensi. Alitaka kusema, "Sokoro, ngoja nikatafute kalamu nyingine." Lakini kalamu nyingine ilikuwa kwa mama shambani, na jua lilikuwa linateremka. Akaendelea kuusogeza mkono juu ya karatasi. Kalamu kavu ilikwaruza kama kalamu yenye wino.

"Umemaliza?" babu akauliza.

"Nimemaliza."

Babu akaendelea na jina lililofuata. Drusilla akakwaruza mstari mmoja mfupi, akasema amemaliza. Siku hiyo kazi ilikwisha upesi, naye alifika uwanjani wa kwanza. Alijiambia kwamba yale machache atamwomba babu ayarudie siku nyingine.

Siku nyingine haikufika. Kila alasiri alichukua kalamu ile ile kavu. Babu alisema, naye alikwaruza, huku akili yake ikirusha mpira na kuudaka. Jina la mtu lilipita, na kijiji chake, na kazi aliyoifanya, na kaburi lake, vyote vikaenda na upepo. Mara moja babu alisema, "Nisomee ya jana, nione kama sikukosea." "Nitakusomea yote ukimaliza, Sokoro," Drusilla akasema. "Itakuwa vizuri kuyasikia yote pamoja." Mzee Alfayo alifikiri kidogo, akatabasamu. "Kweli. Itakuwa vizuri."

Kulikuwa na alasiri moja ambayo babu alikwama katikati ya maneno. Alikuwa anaeleza juu ya makaburi ya zamani ng'ambo ya mto. Alitaja mti wa omotembe. Alitaja watu wanne. Drusilla aliinua macho, akaona machozi yakishuka kwenye yale macho meupe.

"Huyu mmoja alikuwa kijana sana," babu akasema. "Alikuwa na mke aliyekuwa akinyonyesha. Andika vizuri hapa, mama. Hatua za kutoka mtini hadi kwake ziandike vizuri."

Akazihesabu hatua. Drusilla akakwaruza.

Mwezi wa saba babu alitaja jina la mwisho, na kesho yake timu ilikwenda Nyamira na ikashinda. Drusilla alirudi akiwa amevaa utepe mwekundu kifuani. Njiani alikuwa ameamua jambo. Mazoezi yamekwisha, alijiambia; kesho atakaa na babu, atamweleza ukweli, ataomba radhi, waanze upya kutoka ukurasa wa kumi. Alifika nyumbani akamkuta babu amelala amefunikwa blanketi mbili, akitetemeka, pumzi yake ikipiga kelele kama ya mtu anayepanda mlima. Mama yake, Jemimah, alikuwa akimshikilia kichwa.

Walimpeleka hospitali. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba baridi ya mwezi ule ilikuwa imewalaza wazee wengi. Siku ya tatu Drusilla alipelekwa kumwona. Bathsheba Mong'ina alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Usijisumbue kusema, Mzee," Bathsheba alikuwa akimwambia. "Pumzika."

"Sina wasiwasi," Mzee Alfayo alisema. Ilibidi wainame ili wamsikie. "Yote yako kwa mtoto. Yuko wapi mtoto?"

"Niko hapa, Sokoro."

Mkono wa babu ulipapasa hewani, ukampata kichwani, ukatua hapo. Ulikuwa mkono wa moto, mwepesi kama jani kavu. Drusilla alifungua kinywa aseme. Bathsheba alikuwepo, mama yake alikuwepo, muuguzi alikuwa akipita. Akakifunga.

Mzee Alfayo alifariki kesho yake asubuhi.

Watu wengi walikuja Kiogoro kumzika. Wazee ambao Drusilla hakuwahi kuwaona walisimama mmoja mmoja wakaeleza jinsi karani yule alivyowaandikia barua, alivyowafundisha kusoma, alivyowazikia ndugu zao. Kila mmoja alimalizia kwa kusema ni bahati kwamba ameacha yote yameandikwa. Drusilla alisimama nyuma ya mama yake akitazama udongo.

Baada ya mazishi mwanamke mmoja alimjia penye migomba nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia Mzee?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Nyamusi, kutoka Sironga. Mume wangu aliitwa Ombui. Alikuwa akipakia malori mjini, akaugua homa ya matumbo, akafa mwaka wa hamsini na moja. Serikali ikasema azikwe siku hiyo hiyo. Habari zilinifikia baada ya siku tisa. Nilikuja nikiwa nimembeba mtoto mgongoni, lakini karani mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amepelekwa kazi Kisumu, na watu wengine walininyooshea tu kidole. Wakasema, huko, huko ng'ambo. Nikarudi, na karani aliporudi mimi sikuambiwa." Alisema hayo bila kulia, kama mtu aliyeyasema mara nyingi. "Nilisikia kanisani kwamba Mzee anaandikisha makaburi. Nikasema nimalize kuchuma chai, nije. Nimekuja nimemkuta ndani ya sanduku. Lakini yeye alikuambia, sivyo? Nataka tu nichote udongo wa kaburi lile, nikauzike kwangu, ili wanangu wawe na mahali pa kuonyesha watoto wao."

Drusilla alitazama migomba.

"Daftari liko shuleni," akasema.

"Basi nitarudi Jumapili ijayo," Nyamusi akasema. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, mwanangu. Miaka ishirini na mmoja nimengoja."

Wiki ile Drusilla hakula vizuri. Mama yake alidhani ni majonzi ya babu, na yalikuwa hayo pia. Alhamisi alijifungia chumbani na daftari. Kurasa tisa zilikuwa zimejaa. Zilizofuata zilikuwa nyeupe, zina mikwaruzo tu isiyosomeka, mistari kwa mistari, ukurasa baada ya ukurasa. Alizielekeza dirishani akijaribu kuona kama kalamu iliacha alama ya herufi. Haikuacha, kwa maana hakuwa ameandika herufi zozote.

Ndipo wazo likamjia. Ni nani angejua? Angeweza kuandika kwamba Ombui amezikwa mahali fulani, hatua kadhaa kutoka mahali fulani. Nyamusi angefurahi, angechota udongo wake, angerudi Sironga ametulia. Drusilla akachukua kalamu yenye wino. Akaandika, "Kaburi la Ombui liko hatua kumi na mbili kutoka..."

Mkono ukasimama. Alimwona Nyamusi amepiga magoti juu ya kaburi la mtu mwingine, au juu ya udongo mtupu usio na mtu, akimwambia mumewe yote aliyoyaweka moyoni tangu ujana wake. Alimwona akiubeba udongo ule hadi nyumbani, watoto wanaupokea, wajukuu wanauheshimu. Alichana ukurasa ule vipande vidogo, akatoka, akaenda shambani kwa mama yake.

Jemimah alimsikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Alipomaliza kusikiliza aliketi chini katikati ya mahindi, akafunika uso.

"Alikuwa akingoja kila siku saa hizo," Jemimah akasema hatimaye. "Kuanzia saa sita mchana alikuwa akiniuliza kama umetoka shule."

Hakumpiga. Drusilla alitamani sana ampige.

Asubuhi yake waliteremka pamoja hadi Daraja Mbili. Bathsheba alikuwa akipanga mikungu ya ndizi chini. Drusilla alimweleza yote mbele ya mikungu ile, huku wanunuzi wakipita. Bathsheba hakumkatiza. Mteja mmoja aliuliza bei, hakujibiwa, akaenda zake.

"Watu sitini na wawili," Bathsheba alisema polepole. "Umeandika wangapi?"

"Kumi na wanne, mama."

Bathsheba aliinamisha kichwa. Akaushika mkungu ulio mbele yake kana kwamba ungeanguka. Kisha akasema, "Nyamusi anakuja Jumapili. Sitamwambia mimi, wala mama yako hatamwambia. Utamwambia wewe."

Jumapili Nyamusi alifika na mfuko mdogo wa kitambaa safi, ameupiga pasi, kwa ajili ya udongo. Walimketisha barazani. Drusilla alipiga magoti mbele yake akamwambia ukweli: kalamu kavu, mazoezi ya mpira, uongo wa daftari la shuleni. Alimwambia hata juu ya lile kaburi alilotaka kulibuni.

Nyamusi alitazama mbele yake. Mfuko ulikuwa mapajani, naye aliukunja mara mbili, akaukunjua, akaukunja tena.

"Hukusikia hata kidogo?" akauliza. "Ulikuwa umekaa hapo. Masikio yalikuwa wazi. Hukusikia hata neno moja juu ya Ombui?"

Drusilla alilia, na katikati ya kilio akajaribu kukumbuka. Alitafuta katika zile alasiri zote alizokuwa hayupo ingawa yupo. "Alisema omotembe," akasema. "Alisema wako wanne. Alihesabu hatua, lakini sizikumbuki. Akalia. Alisema huyo mmoja alikuwa kijana sana, na mke wake alikuwa akinyonyesha."

Nyamusi akashika mdomo. "Alinikumbuka," akasema.

Bathsheba alisema kwamba kati ya waliobeba majeneza siku zile amebaki mmoja tu, Mzee Nyamweya, fundi wa kuezeka, ambaye naye umri ulikuwa umemchanganyia mambo. Walimfuata nyumbani kwake, wakavuka mto pamoja naye, akitembea kwa mkongojo. Makaburi ya zamani yalikuwa yamemezwa na nyasi. Walizunguka mpaka jua likawa kali. Mti wa omotembe ulikuwa umekatwa zamani, lakini Jemimah alijikwaa kwenye kisiki chake, na karibu na kisiki, walipofyeka nyasi, palionekana vilima vinne vidogo vimepangwa sawasawa.

Mzee Nyamweya aliegemea mkongojo akavitazama. "Huyu wa mwisho ni mpishi," alisema. "Alitoka mbali sana, upande wa ziwa. Huyo namjua kwa sababu nilikata kidole nikichimba, hapa, kwenye jiwe hili. Hawa watatu..." Akatikisa kichwa. Akajaribu tena, midomo ikitembea. "Ombui ni mmoja wa hawa watatu. Alfayo alijua. Mimi sijui, mama. Nisamehe."

Drusilla alijua kwamba ukweli uliokuwa ukitafutwa pale ulikuwa umepita mbele yake barazani, umetamkwa polepole na kwa makini, na yeye alikuwa ameshika kalamu.

Nyamusi alikwenda kwenye kilima cha kwanza, akapiga magoti. Akaenda cha pili. Akaenda cha tatu. Penye kila kimoja alisema maneno yale yale kwa sauti ya chini, ya mke anayezungumza na mume wake. Kisha akafungua mfuko wake, akachota udongo wa kaburi la kwanza, na wa pili, na wa tatu, akaufunga pamoja.

"Atakuja nyumbani na wenzake wawili," akasema. "Sijui majina yao. Lakini labda nao wana wake wanaowatafuta. Watalala kwangu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtu aliyefiwa jana. Bathsheba alimshika bega moja, na Jemimah la pili, wakakaa naye kwenye nyasi mpaka akaweza kusimama.

Tangu siku ile Drusilla hakurudi kwenye netiboli. Hakuna aliyemkataza. Kila alasiri alizunguka na daftari, Kiogoro, mjini, vijiji vya mbali siku ambazo Bathsheba aliweza kumpeleka, akiuliza kwa wajane na watoto wa wanachama wa zamani. Wengine walimpa jina na kijiji. Wengine walimfukuza, kwa kuwa habari zake zilikuwa zimewafikia. Kila aliyemfukuza, Drusilla alimrudia baada ya wiki. Aliandika kila kitu, akasoma kwa sauti kila alichoandika, na mwenye habari akisema hapo umekosea, alikata akaandika tena. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika, alikuwa na majina arobaini na moja. Ishirini na moja hayakupatikana, na wote waliojua mambo hayo walisema hayatapatikana.

Siku ya kufungua ukumbi, mabati mapya yaling'aa na watu walijaa hadi nje. Nyamusi alikuwa amekuja na wanawe wawili wakubwa. Kabla ya kuanza, Bathsheba alimwita Drusilla kando, chini ya ukuta wa matofali.

"Utasoma wewe," alisema.

"Mama, tafadhali. Watu wananijua. Asome mtu mwingine."

"Ndiyo maana utasoma wewe." Bathsheba aliweka mkono wake kwenye ukuta. "Nisikilize, nikuambie jambo moja, kisha sitalitaja tena. Wale waliochimba makaburi ya ng'ambo ya mto hawakuonwa na mtu. Hakukuwa na ndugu wa marehemu aliyesimama pale kupima urefu wa shimo. Wangeweza kuchimba futi mbili, wafukie, waende nyumbani wakalale, na hadi leo tusingejua. Walichimba sita. Walivipanga vile vilima sawasawa, kwa ajili ya watu wasio ndugu zao, wakati ambapo mji wote uliwaona kama si kitu. Chama hiki kilikuwa ni hilo, Drusilla. Hakikuwa matofali. Babu yako alikuwa kipofu, naye alikuamini kama watu wale walivyoaminiana. Kazi unayoifanya mbele ya macho ya watu, hata mwizi anaweza kuifanya vizuri. Ile unayoifanya pasipo macho, hiyo ndiyo inayosema wewe ni nani. Ulikosea, na kosa lako halitarudi nyuma. Lakini ulipotaka kubuni kaburi, ulikuwa peke yako chumbani, na ukachana ule ukurasa. Hapo nilijua kwamba bado naweza kukupa kazi."

Drusilla alifuta uso wake, akaingia.

Alisimama mbele ya watu, akafungua daftari. Alisema kwanza kwamba majina yalikuwa sitini na mawili, kwamba babu yake aliyataja yote, na kwamba yasiyosomwa leo yamepotea kwa kosa lake yeye. Kisha akayasoma. Alisoma jina, kijiji na kazi: mpishi, mfagizi, karani, mpakiaji wa malori. Ukumbini kila mara mtu mmoja aliinua kichwa aliposikia jina la baba yake. Alipofika kwa Ombui wa Sironga, wanawe wawili walisimama, na watu wote wakasimama pamoja nao.

Alisoma jina la arobaini na moja, akafunga daftari. Hakuondoka. Alibaki amesimama kimya kwa muda ambao ungetosha kuyasoma yale mengine ishirini na moja, na katika ukumbi mzima hakuna aliyeketi.